Umepima, Huna, Mbona Hulali?

Nina ujumbe hapa mkononi, umeingia kwenye simu ya studio wiki iliyopita, na mwenyewe ameomba asitajwe. Nausoma karibu kama ulivyo, nikiruka mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha.

"Kaka mtangazaji, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 31, nina mke na mtoto mmoja. Mwaka jana nilisafiri kikazi, nikateleza. Niliporudi nikapima baada ya mwezi, sina. Nikapima baada ya miezi mitatu, sina. Baada ya miezi sita, sina. Nimepima Temeke, nimepima Kinondoni, nimevuka pantoni nikapima Kigamboni, kote wananiambia sina. Lakini mwili wangu naujua. Nimepungua. Shingoni nina kitu. Ulimi una weupe. Usiku silali. Naomba uniulizie kwa wataalamu, je, hakuna kipimo kikubwa zaidi ya hivi?"

Ujumbe huu nimempelekea mama mmoja muuguzi, mtu mzima sasa, aliyeanza kazi ya ushauri nasaha enzi za vituo vya kupima VVU vya Angaza. Alipomaliza kuusoma akatabasamu. "Huyu namjua," akasema. Nikamuuliza amemjulia wapi. "Simjui kwa sura. Ila kila mwezi anakuja kwangu na jina jipya."

Tuanze na damu, maana hapo ndipo penye wepesi.

Kile kipimo cha kidole, unachotobolewa, tone la damu likadondoshwa kwenye kikasha cha plastiki, na matone ya maji ya kipimo juu yake, hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, zile kinga ambazo mwili huzitengeneza ukishavamiwa. Mwili hauzitengenezi siku ya kwanza wala ya pili. Unahitaji wiki kadhaa. Ndiyo sababu tukaambiwa tusubiri miezi mitatu, kile wanachokiita kipindi cha matazamio. Miezi hiyo imewekwa mirefu kwa makusudi, ili hata yule ambaye mwili wake unachelewa asiachwe nje. Vipimo vya maabara vya damu ya mshipani, vile vinavyotafuta kingamwili pamoja na sehemu ya kirusi chenyewe, huona mapema zaidi, kati ya siku 18 na 45. Kwa hiyo aliyepima kwa kidole baada ya siku 90, akakutwa hana, na katikati hapo hakukuwa na tukio jingine, swali lake limekwisha kujibiwa. Ile miezi sita ambayo watu bado wanaishikilia ni ya vipimo vya zamani.

Liko na hili ambalo wengi huuliza kwa sauti ya chini: mbona mimi walinipima mara moja tu, na fulani aliyekutwa nao alipimwa mara mbili tatu? Si upendeleo, wala si kubana vifaa. Kipimo cha kwanza huchaguliwa kwa ukali wake. Ni mbwa anayembwekea hata jirani. Siku nyingine atapiga kelele bure, ndiyo maana akibweka wanaleta kipimo cha pili, na kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hata cha tatu, wapate hakika. Lakini mbwa wa namna hiyo akinyamaza, hakuna mtu uani.

Wengine husema virusi vimejificha. Maneno haya yalianza na ukweli, yakapotea njia. Kwa mtu anayetumia ARV, dawa za kufubaza virusi, virusi hubaki vimelala ndani ya baadhi ya seli, na akiacha dawa vinaamka. Lakini mtu huyo kingamwili anazo, na kipimo cha kidole kwa kawaida kitamwonyesha. Wa kuwa mwangalifu hapa ni aliyepewa PEP, zile dawa za siku 28 zinazotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 baada ya tukio, au anayetumia PrEP, dawa za kujikinga kabla ya tukio. Kwa hao dawa zinaweza kuchelewesha majibu, nao wafuate tarehe walizopangiwa na kliniki.

Kijana wangu, wewe hukunitajia dawa yoyote. Safari ile haikukuachia VVU.

Nikikwambia hivyo utapumua. Utapumua mpaka kesho, labda mpaka Ijumaa. Halafu utakuwa unapiga mswaki, au umekaa kwenye daladala, na sauti itakuuliza: je, kama yule dada wa maabara alichanganya karatasi? Je, kama kipimo kilikuwa kimepitwa na muda? Moyo unaanza kukimbia, jasho jembamba linatoka, na mguu wenyewe unajua njia ya kituo kingine cha afya.

Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Uingereza, Paul Salkovskis na Hilary Warwick, waliandika juu ya watu wa aina hii, na walichosema bado hakijachakaa. Kila mtu huyo anapohakikishiwa kwamba hana ugonjwa, wasiwasi unashuka kwa muda, kisha unapanda tena. Kile kipindi kifupi cha ahueni ndicho kinachomfunga. Akili yake inajifunza kwamba tiba ya hofu ni kwenda kuulizia tena, na mara nyingine hofu inaporudi inadai malipo yaleyale. Yaani hofu ya kipimo hula vipimo. Unaponiuliza kama kuna kipimo kikubwa zaidi, ndugu yangu, unaniomba nikutafutie chakula chake.

Sasa huo mwili unaosema unaujua. Tezi za shingo kila mtu anazo. Ukiziminya mchana kutwa, ofisini, chooni, mbele ya kioo, zitauma, na zikiuma utaziminya zaidi. Weupe kidogo wa ulimi asubuhi karibu sote tunao. Utando wa fangasi wanaouogopa watu ni mzito, na ukikwanguliwa chini panabaki pekundu. Mama muuguzi anasema watu wanamjia ndimi zimechubuka kwa kusuguliwa na mswaki, halafu yale machubuko yenyewe yanakuwa dalili mpya.

Na kupungua? Kupungua ni kweli, hakuna anayekukatalia. Mtu amekosa usingizi wiki tatu, chakula hakimpiti, tumbo linamwendesha kila asubuhi kwa woga, asipungue kwa nini? Pale Kariakoo wapo vijana wenye mizani za kupimia uzito barabarani. Unapanda na viatu vyako, unatoa sarafu, unaambiwa kilo zako. Mama alikuwa na mteja aliyekuwa akipanda mizani tatu kabla hajafika kazini. Kila moja ilimpa kilo zake tofauti. Yeye aliiamini ile iliyosema kidogo kuliko zote.

Tusimcheke, maana kukonda kumetutia kiwewe nchi nzima. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na huko ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Waganda wenyewe waliuita Slim, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Kwa miaka mingi hakukuwa na la kufanya zaidi ya kuuguza na kuzika. ARV za bure zilianza kutolewa hapa mwaka 2004. Redio nazo zilifanya kazi yao. Wengi mnaukumbuka wimbo wa Starehe, wa Ferooz akiwa na Professor Jay, mgonjwa yuko kitandani anasimulia yaliyomfikisha pale. Kijana wetu wa miaka 31 alikuwa shule ya msingi siku hizo. Alichokariri wakati ule hakifutwi na karatasi ya maabara kwa siku moja.

Halafu tukabadilisha wimbo, na vizuri tulibadilisha. Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe Mama Salma walipima hadharani hapa Dar es Salaam, kampeni ya kupima ikaanza, watu wakapanga foleni. Tukafundishwa kwenda kupima. Kuondoka na majibu ya "huna" na kuendelea na maisha, hapo hatukupewa somo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima wanaishi na VVU. Maana yake walio wengi sana kwenye ile foleni wanatoka na majibu ya hapana. Na huyo wa hapana anapewa nini? "Hongera, huna maambukizi, endelea kujilinda, mwite anayefuata." Siwalaumu wahudumu, foleni ni ndefu na walio nao wanahitaji muda zaidi. Lakini yupo mmoja katika hao waliopewa hongera ambaye anatoka mlangoni akiwa hajasikia hata neno moja.

Mama anasema kuna siku alimkalisha mteja wa namna hiyo kwenye benchi la CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, pembeni ya WAVIU mshauri, mwanamke anayeishi na VVU na kuwashauri wenzake. Mwanamke yule anakunywa kidonge chake kimoja kwa siku, virusi vimefubazwa mpaka kipimo hakivioni, na mtu wa hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ana watoto wawili wasio na maambukizi. Anauza vitenge, analala saa nne. Yule asiye na kirusi hata kimoja ndiye aliyekuwa na macho mekundu.

Kuna kitu kingine kimeongeza makali ya jambo hili: kujipima nyumbani. Sheria yetu ilirekebishwa mwaka 2019, kujipima kukaruhusiwa, na imesaidia wengi wanaoona haya kuonekana kituoni. Kile cha kupitisha kwenye fizi kina masharti yake: soma majibu kati ya dakika 20 na 40, baada ya hapo kitupe. Mwenye hofu hatupi. Anakificha ndani ya soksi kabatini. Saa nane za usiku, mkewe amelala, anakitoa, anakimulika kwa tochi ya simu, anakigeuza hivi, anakigeuza vile, anakipiga picha na kuikuza. Kifaa kilichokauka kinaweza kuonyesha kivuli cha mstari ambacho hakina maana yoyote, na kivuli hicho kinamlipa usiku mzima wa jasho. Kama unacho kabatini mwako sasa hivi, wewe unayenisikiliza, kitupe kabla ya taarifa ya habari.

Basi mama anafanya nini na watu hawa? Nilimuuliza, maana dawa ya maneno matupu hata mimi naweza kuitoa.

Kwanza anachukua karatasi. Anaandika tarehe ya tukio, tarehe ya kipimo cha mwisho, na siku zilizopita katikati. Anamwambia mteja: "Baba, hii ndiyo hesabu. Nimeipiga mbele yako, imefungwa. Ukirudi hapa bila jambo jipya sitakutoboa kidole. Ila ukija kuzungumza, kiti chako kipo." Wapo wanaokasirika na kwenda kwingine. Wanaorudi wanarudi kuzungumza.

Pili anawapa zoezi ambalo mwanzoni linaonekana la kitoto. Hamu ya kwenda kupima ikikushika, usijikataze, iahirishe. Jiambie nitakwenda kesho kutwa. Fanya kazi uliyokuwa unaifanya, mikono itoke shingoni, simu usiiulize dalili. Hofu itapanda, itakutikisa, halafu yenyewe itashuka, bila kipimo, bila daktari, bila kuulizia. Mtu akiiona ikishuka yenyewe mara moja, amepata kitu ambacho majibu ya maabara zote za Dar es Salaam hayakumpa. Kesho kutwa ikifika, anaahirisha tena.

La tatu ndilo lililonigusa. Anawauliza hivi: "Tuseme nimekuambia sasa hivi kwamba unao. Cha kwanza kinachokujia kichwani ni nini?" Mama anasema ni wachache mno wanaojibu "nitakufa". Wanasema: mke wangu atajua. Wanasema: mama yangu atanionaje. Wanasema: Mungu amenilipa.

Hapo ndipo mashine yote inapofunguka. Mtu anapima damu, na anachosubiri ni hukumu. Kosa analiona limefanyika, adhabu haijafika, na moyo hauwezi kuamini kwamba imepita hivihivi. Kila jibu la "huna" analiona kama hukumu iliyoahirishwa. Kipimo hakina mstari wa kuonyesha kama umesamehewa. Kina C ya kuthibitisha kwamba kimefanya kazi, kina T ya kuonyesha maambukizi, basi.

Kwa hiyo kama ni dhambi inayokusumbua, ipeleke panapohusika. Nenda kwa padri, nenda kwa shekhe, mchungaji wako, au mtu mzima unayemwamini ambaye hana mdomo. Sitakuambia leo hewani ukamweleze mkeo au usimweleze; sijui ndoa yenu, na wanaotoa amri za namna hiyo kupitia redio hawabaki nanyi usiku ule. Ninachoweza kusema ni kwamba uamuzi huo dada wa maabara wa Kigamboni hawezi kukuamulia. Na kama umekuwa ukimkwepa mkeo kitandani kwa kisingizio cha malaria isiyokwisha, jua kwamba ameshaona. Anajaza mwenyewe sababu, na huenda anayoijaza ni mbaya kuliko iliyopo.

Si wote walioteleza, tuelewane. Yupo binti aliyemuuguza dada yake mpaka mwisho, kila akipata mafua anamwona dada. Yupo muuguzi aliyejichoma na sindano zamu ya usiku. Yupo aliyebakwa, akafanya kila alichotakiwa kufanya, majibu yakatoka safi, na bado mwili wake anauona kama si wake. Huyu asiambiwe "shukuru Mungu huna, sahau". Anaombolezea jambo jingine kabisa, na anastahili mtu wa kukaa naye chini.

Jambo jingine ni suala la hospitali. Ukimwambia mtu wetu akamwone daktari wa afya ya akili, anakuuliza: "Kwani mimi wa Mirembe?" Hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili ya Mirembe ipo Dodoma tangu mwaka 1927 na inafanya kazi yake, lakini si lazima ufike huko. Muhimbili wana kitengo, hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina mtu wa kazi hiyo. Kama hofu imekula kazi yako, usingizi wako na ndoa yako kwa miezi, hapo unahitaji matibabu kama mwenye kisukari anavyohitaji. Yapo mazungumzo maalumu ya tiba, na daktari akiona inafaa atakuandikia na dawa. Usijinunulie vidonge vya usingizi dukani, na bia tatu za kulalia si tiba. Zikiisha kichwani saa tisa usiku, hofu inaamka kabla yako.

Wenzetu wa Zimbabwe wamefanya jambo la kuigwa. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 mjini Harare kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa, yakaonyesha kwamba waliokaa na mabibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango wenyewe umefika hadi Zanzibar. Sisi mabibi tunao, na mabenchi tunayo.

Kabla sijamalizia, nimpokee na huyu mama wa Moshi, na msianze kuunganisha, si mke wa kijana wetu. Anaandika: "Mume wangu alipima, majibu tumeyasoma wote wawili, hana. Lakini kila usiku lazima nimshike shingo nimwambie kama uvimbe umeongezeka. Nisipomshika hatulali. Nikimshika ananiuliza, una hakika? Mwaka sasa. Nimfanyeje?"

Dada yangu, pole. Hiyo shingo imekuwa kazi yako ya pili. Mama muuguzi amenituma nikwambie hivi: chagueni siku, iwe mchana, akiwa ametulia, si usiku akiwa ameshikwa, mkubaliane kwamba swali hilo halitajibiwa tena. Usimwambie hana kitu, usimwambie anacho. Akiuliza, mjibu tu: "Baba watoto, hilo tulishalijibu. Sogea huku, niambie leo kazini kulikuwaje." Atakasirika, wiki ya kwanza hasa. Huenda atasema humpendi. Mkumbatie, mpikie chai, mkeshe wote ikibidi. Shingo usiishike.